Uani Tanga, Kaskazi Likivuma

Sisi watu wa Iringa tuna wosia mmoja kuhusu Pwani: usiende Januari. Anayeutoa kwa kawaida amevaa sweta, ameshika kikombe cha chai, na safari yake ya mwisho baharini ilikuwa Julai, kusi likivuma na usiku ukidai shuka. Ndiyo maana nikaamua kwenda Tanga wakati huo huo wanaouogopa, kaskazi likiwa limeshika. Julai mji wa pwani unakupokea sebuleni. Januari na Februari hakuna sebule inayokalika. Watu, mbuzi, vyerehani, majiko na magomvi, vyote vimehamia nje, na mgeni anaona kila kitu bila kuomba.

Njia yenyewe haina mengi mpaka Segera. Hapo barabara inagawanyika, kushoto Korogwe na Moshi, kulia Muheza na Tanga, na hewa inabadilika kabla hujaiona bahari. Muheza basi liliposimama, madirisha yalijaa masinia ya mafenesi yaliyochambuliwa na embe dodo, na nje ya kioo cha upande wa kushoto Usambara Mashariki ilikuwa imekaa na mawingu yake. Baada ya hapo ni mkonge. Mmea huu tunauona kama wa kwetu tangu enzi, kumbe ulikuja na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Hiyo 62 ndiyo iliyokuja kuifanya Tanzania kuuza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Mashamba mengine sasa ni pori, mengine yamefufuliwa na mistari yake imenyooka tena. Kisha vumbi jeupe la Pongwe, penye mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji, kisha stendi ya Kange, na jasho.

Shangazi yangu aliolewa Tanga na mfanyakazi wa reli, na hakurudi tena bara hata alipofiwa. Anakaa Ngamiani, mtaa uliopimwa kwa kamba enzi za wakoloni, ambao barabara zake zinaitwa kwa namba tu: barabara ya nane, ya tisa, ya kumi. Mgeni hapotei. Nilipiga hodi mlango wa mbele, hakuna jibu. Jirani aliyekuwa barazani akasema, "Pita tu, wote wako uani."

Nikapita korido ndefu yenye vyumba vitatu huku na vitatu kule, kila pazia limefungwa fundo juu ili upepo upite, nikatokea upande wa pili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja na joto lako au umelikuta?" Akaniita baba, kama mashangazi wanavyowaita watoto wa kaka zao, akanisogezea kigoda chini ya mkungu kabla sijaweka begi chini.

Kwa muda wote niliokaa pale, kigoda kile kilikuwa ofisi yangu. Ua wa nyumba ya Kiswahili ni mdogo kuliko unavyodhani ukiusikia ukisimuliwa. Huu una jiko la kuni lenye paa la makuti upande mmoja, bafu na choo upande mwingine, kisima cha maji ya chumvi kilichofunikwa bati, kamba za kuanikia, na katikati mkungu uliopandwa na marehemu mume wake mwaka waliohamia. Karibu na bafu kuna mkilua, maana mwanamke wa Tanga hawezi kukaa bila kilua cha kuchanganya na asumini jioni. Pembeni kuna mstafeli uliojaa chungu wekundu. Wapangaji ni familia tatu na kijana mmoja fundi wa bajaji. Wote hao, saa nane mchana, wako chini ya mti mmoja.

Siku inaanza kwa ufagio. Mkungu kipindi hiki unamwaga majani, makubwa, mekundu kama yamechovywa rangi, na kabla ya saa moja asubuhi binti wa mpangaji mmoja anayakusanya rundo kwenye kona. Watoto hawamwachii afanye kazi kwa amani. Wanatafuta kungu zilizoanguka usiku, wanakula nyama yake ya juu, kisha wanapasua kokwa kwa jiwe kwenye sakafu ya kisima kutoa kiini ambacho hakijazi hata ukucha. Mtoto mmoja hupasua nusu saa kwa kushiba sekunde mbili. Saa nne jua limepanda, kamba zimejaa nguo, na nguo zinakauka ukizitazama. Saa sita bati la nyumba linaanza kulia kwa joto. Saa nane hakuna anayesema kitu cha maana. Mama mmoja mpangaji hushona mashuka kwa cherehani cha mguu, naye hunyamaza. Mashine pekee ndiyo inayosikika, na kuku.

Kisha alasiri upepo unageuka kuwa rafiki. Kaskazi hupiga kutoka baharini, hupita juu ya mapaa, na ndani ya ua uliofungwa pande zote haungeingia kama kusingekuwa na mti. Majani ya juu yanatikisika kwanza, ubaridi unashuka baadaye. Hapo ndipo maneno yanarudi. Embe mbichi zinakatwa na kutiwa chumvi na pilipili, mtu anatumwa dukani kununua barafu za ukwaju, na fundi wa bajaji anaanza kubishana kuhusu Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ambao kikongwe mmoja jirani bado anawasifia ubingwa wa 1988 kana kwamba ulichukuliwa wiki iliyopita.

Usiku tunalala nje tunaoweza. Mkeka, mto, chandarua kimefungwa kwenye tawi, na feni ya ndani inaachiwa wenye watoto wachanga. Shangazi hulala chumbani kwake mlango wazi, kipepeo cha ukindu mkononi, na hata akiwa usingizini mkono unapepea. Miaka hii Ramadhani imerudi kuangukia ndani ya joto hili hili, Februari na Machi. Nilipomuuliza anafungaje bila maji kutwa nzima, alinionyesha mti kwa kidole na kuendelea kuchambua mchele.

Nilikuwa nimejiandaa kuandika kuhusu watu, nikajikuta naandika kuhusu ndege. Kaskazi ndilo lililokuwa likileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi likiyarudisha. Majahazi yamepungua mpaka yanahesabika, lakini ndege bado wanaifuata kalenda ile ile. Miezi hii mbayuwayu waliozaliwa Ulaya wamejaa kwenye nyaya za umeme. Keremkerem wenye mashavu ya buluu, waliotoka Asia, wanawinda nyuki juu ya viwanja vya mpira. Nikiazima baiskeli ya fundi wa bajaji (Tanga ni tambarare, na baiskeli ni usafiri wa mama, sheikh, mwanafunzi na muuza samaki), nilikuwa nafika Sahare maji yakiwa yametoka, na kwenye tope mbele ya mikoko nikawakuta sululu na chekeamwezi wakichokoa, kila mmoja na urefu wake wa mdomo, kila mmoja na kina chake cha chakula. Kati yao kulikuwa na ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene ya kuvunjia kaa, wanaozaliana kwenye visiwa na fukwe za upande wa Ghuba na Uarabuni, wakaja kwetu kula. Watu wawili waliokuwa wakichimba chambo karibu nao hawakuinua hata kichwa. Wamezoeana.

Ndani ya ua wenyewe mambo si ya amani hivyo. Kwenye mstafeli kulikuwa na tago la shorewanda, ndege yule mweusi-kahawia mwenye kishungi anayeamka kabla ya muadhini. Nikawa naliangalia kila asubuhi. Asubuhi moja kunguru wawili walitua, mmoja akawakimbiza wazazi, wa pili akachukua makinda, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Watoto walirusha mawe, wakachelewa. Ni kunguru wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, ambaye aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kula taka za mji. Kazi aliyopewa aliifanya, kisha akajiongezea nyingine: mayai, makinda, vifaranga vya kuku, samaki walioanikwa, na vipande vya sabuni. Ameenea pwani yote. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja, na sidhani kama kuna mfuga kuku wa Pwani aliyelia.

Mimi nilitaka sumu itumike na Tanga pia, jioni hiyo hiyo. Shangazi hakukubaliana.

"Wauwe leo milioni, baba. Halafu? Nenda katazame nyuma ya soko."

Nilikwenda. Nyuma ya soko kulikuwa na kizimba cha taka kilichojaa kupita kiasi, utumbo wa samaki, maganda ya nazi, mapapai yaliyooza, na juu yake weusi wa kunguru hauruhusu kuona rangi nyingine. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kweli ile ya buluu na myeusi sikuiona. Lakini vifuko vyembamba vya kufungia karanga na barafu, chupa za maji na vifuniko vyake, vinasubiri mvua ya kwanza vipite mtaroni mpaka ghuba. Kunguru anaongezeka kwa kadiri ya meza anayoandaliwa. Hili Shangazi analijua bila kusoma popote, nami nikaiacha hoja yangu ya sumu hapo hapo nyuma ya soko.

Barazani mazungumzo ni makubwa zaidi ya kunguru. Wazee wanaocheza bao mbele ya nyumba ya tatu kutoka kwetu wanajua habari za bandari kuliko makarani wengi. Zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali nje, na mizigo ikiletwa gatini kwa matishari. Ikatumika zaidi ya Sh bilioni 429, kina kikaongezwa kutoka mita 3 hadi 13, gati likaimarishwa, na sasa meli zinafunga zenyewe. Ng'ambo ya ghuba, Chongoleani, ndiko unakoishia mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, ambalo lazima lipashwe joto njia nzima kwa sababu mafuta yale yana nta na yangeganda. Mzee mmoja alicheka sana alipolisimulia hilo: "Tanga yetu hii, wanaleta kitu cha kupasha moto!"

Wanayoyataka wazee hawa kutoka kwenye miradi ni mepesi kueleza: vijana wapate kazi zinazodumu, wavuvi wasizuiwe njia zao za zamani kwa maboya mapya, na kama mafuta yatamwagika, mtu awe na simu ya kupiga. Sikuwasikia wakipinga maendeleo. Walikuwa wakipanga bei. Lakini jambo moja walilisema kwa sauti ya chini, kwa sababu linawahusu wao wenyewe. Mji ukichangamka, kodi inapanda. Kodi ikipanda, mwenye nyumba anautazama ua wake na kuona vyumba.

Nitalirudia hilo. Kwanza samaki.

Deep Sea, mwalo wa samaki, unapaswa kufika alfajiri, wakati dagaa wa usiku wanashushwa na taa za karabai za kisasa zinazimwa. Giza la mwezi ndiyo neema ya wavua dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa wanalala. Wanaofuata miambani wanahesabu tofauti: bamvua inawafaa wachokoa pweza, maana maji yanatoka mbali, na maji mafu yana watu wake pia. Mnada unaendeshwa kwa kasi ambayo mtu wa bara haiwezi. Nilisimama nyuma ya mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, nikamwona akinunua fungu la changu, fungu la tasi na kibua kadhaa bila kusema zaidi ya maneno manne, kidole tu na nyusi.

Bahari hii imeteswa. Kwa miaka mingi uvuvi wa baruti ulikuwa ukisikika mpaka mjini, mchana kweupe, na miamba iliyochukua karne kukua ikageuka kokoto. Operesheni zikaja, milipuko ikapungua sana, na wavuvi niliozungumza nao wanasema samaki wa mwambani wanarudi taratibu, ingawa wengine bado wanaingia na nyavu za matundu madogo ambayo hayaachi hata mtoto. Chini zaidi, kwenye kina cha mapango, kuna jirani mwingine ambaye wengi Tanga wanamjua kwa jina na wachache kwa macho: silikanti. Wanasayansi walikuwa wanamjua kwa visukuku tu, wakiamini alitoweka pamoja na madinosaria, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Tanga wakawa wanawatoa kwenye majarife, nyavu za papa zinazoshushwa kina kirefu, wengi kiasi kwamba mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Mvuvi aliyewahi kumwona alinieleza kwa dharau ya mtu wa kazi: mkubwa, mzito, magamba kama sahani, mafuta mengi, haliki. Kwake yeye silikanti ni wavu uliochanika. Nadhani hifadhi yoyote isiyoanza na wavu wa mtu huyu itabaki kwenye ubao wa matangazo.

Mchana huo tulikula bada. Ni ugali wa unga wa muhogo, mzito wa kunata, unaoliwa na samaki wa chukuchuku, yaani wa kuchemshwa na ndimu, chumvi na pilipili bila nazi. Watu wa Iringa tunaolelewa na ugali wa mahindi tunahitaji muda nao. Nilihitaji tonge tatu. Baadaye tukashushia maziwa mgando ya ng'ombe wa jirani, anayefugwa banda la uani nyumba mbili mbele, kwa maana Tanga ni mji ambao ng'ombe wa maziwa wana anwani ya mtaa. Harufu yake wapangaji wanailalamikia, maziwa yake wanayakopa.

Maji ya kunywa yanatoka Usambara. Tulikwenda kuyaona, mimi na fundi wa bajaji, tukapanda kutoka Muheza kwa gari bovu la abiria mpaka Amani, ambako hewa ilinikumbusha nyumbani. Mto Zigi unaanzia misitu ile, unashuka hadi bwawa la Mabayani, na Tanga inakunywa. Ndiyo sababu mamlaka ya maji ya Tanga imekuwa ikishirikiana na wakulima wa huko juu, umoja wao unaitwa UWAMAKIZI, ili wasilime mpaka ukingoni na wachimba dhahabu wasivuruge vijito. Februari 2024 mamlaka hiyo ilitoa hatifungani ya kijani ya Sh bilioni 53.12, ya miaka 10, kupanua mtambo kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku. Nilipenda kwamba mji wa pwani umekubali kwa fedha, kwa maandishi, kuwa mti wa mlimani ni sehemu ya bomba lake.

Halafu nikawaza: na mti wa mtaani je?

Amani pia nilikutana na kimaua cha zambarau ambacho wazungu wanakipanda kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Aliyekipeleka kwao ni Walter von Saint Paul-Illaire, bwana mkubwa wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani. Mwaka 1892 alimpelekea baba yake mbegu, na mmea ukapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Alivikuta milimani na pia karibu na Tanga yenyewe, kwenye nyufa za mawe ya chokaa. Katika nyua zote nilizoingia mjini sikukiona hata kimoja. Fundi wa bajaji alikitazama, akauliza kama kinaweza kuishi kwenye kopo la rangi. Pengine kinaweza, ila pale ni hifadhi, tukakiacha.

Kabla ya kuondoka nililala usiku mmoja Raskazone, kwa rafiki niliyesoma naye. Huko ndiko walikojenga wakubwa wa kikoloni: nyumba za veranda pana, miembe mikongwe, mikungu, mibuyu, na bahari mbele. Usiku nilimsikia komba kwa mara ya kwanza Tanga, akilia kama mtoto aliyepotea, na popo wakigombania embe juu ya bati. Asubuhi nguchiro alikatiza bustani akiwa na kitu mdomoni. Ngamiani, kilomita chache tu kutoka pale, komba hayupo. Kivuli cha Raskazone kilipangwa na ofisi ya mkoloni pamoja na barabara zake. Cha Ngamiani kilipandwa na watu binafsi, mti mmoja kila ua, mume wa Shangazi akiwa mmoja wao. Hakuna ofisi iliyokiandika, kwa hiyo hakuna ofisi inayojua kinapotoweka.

Kinatoweka. Nyumba ya nyuma yetu ilikuwa na mwembe wa dodo uliokuwa ukitupa kivuli cha alasiri mpaka kwenye kisima chetu. Mwenye nyumba alikuja na vijana wawili na msumeno wa mashine. Ni mtu mwema, muungwana, na sababu zake zilikuwa za kweli: mizizi imepasua shimo la choo, majani yanaziba mifereji ya paa, watoto wa watu wanapanda na mmoja alishavunjika mkono, na juu ya yote anataka kujenga vyumba vinne na fremu mbili za maduka, kwa sababu wafanyakazi wa miradi wanatafuta pa kupanga. Nani atamwambia asile? Kufika adhuhuri mti ulikuwa magogo, jioni magogo yalikuwa mkaa wa mtu, na kiwanja kilimwagwa zege kabla sijaondoka.

Siku iliyofuata tulijua. Jua la saa tisa, ambalo lilikuwa linaishia kwenye mwembe ule, lilipita moja kwa moja likagonga ukuta wa jiko letu. Shangazi alihamisha mtungi wake wa maji mara mbili. Mama wa cherehani aliacha kushona saa nane akaanza tena saa kumi na moja, akahesabu mashuka yaliyopungua. Zege la jirani lilipomwagwa, nalo likawa linatoa joto mpaka saa nne usiku. Hakuna aliyegombana na mtu. Walichofanya ni kusogea, vigoda vyote, upande wa mkungu uliobaki.

Kwa hiyo maoni yangu kuhusu Tanga ni haya. Bandari imepata mabilioni yake, maji yamepata hatifungani, silikanti amepata hifadhi. Kitu ambacho watu wa Ngamiani wanakitumia kila siku kutoka saa nne hadi magharibi hakimo kwenye mpango wowote nilioonyeshwa. Jiji linatoa vibali vya ujenzi. Haligharimiki kitu kuongeza sharti kwamba kiwanja kinachokatwa mti kipande mwingine, na kwamba zege lisifunike ua wote. Wenye nyumba wanaoogopa mizizi wapande mkomamanga, mstafeli au mlimau, ambayo haina ugomvi na shimo la choo. Barabara zilizobaki na nafasi pembeni zinaweza kubeba miarobaini, nayo haimwombi mtu maji ikishashika. Na ninyi wenzangu wa bara mnaokuja na mitaji kujenga fremu Tanga, mkiona mti ndani ya ramani yenu, mpigieni mchoraji simu kabla ya kumpigia mwenye msumeno. Masika yanaanza Machi. Mashimo yachimbwe sasa.